Kifurushi cha Marehemu Pantelimon

Timișoara, 14 Novemba

Dada yangu Filofteia,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu simuni hunisikii, nami nimechoka kupiga kelele mpaka jengo zima linajua habari za kuku wako. Mimi ni mzima ila mgongo, huo huo ulionizuia kuja kwenye arobaini ya shemeji. Usidhani nilisahau. Nilijikokota mpaka kanisani hapa nikamwashia mshumaa. Aurica bado yuko Hispania kwa binti yetu, analea wajukuu. Mke wangu huyo anasema atarudi Krismasi, nami nasema tutaona. Najipikia mwenyewe. Maharage nayaweza, ila mabunda ya nyama yaliyofungwa kwa majani ya kabichi yananishinda, yote hufumuka sufuriani.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu. Je, na nyinyi mmepata barua ya kampuni ya dishi? Kuanzia Januari bei ya kifurushi inapanda, na si kidogo. Sikasirikii kupanda kwa bei, kila kitu kinapanda. Kinachonikera ni tangazo lililobandikwa kituo cha tramu hapa chini: mteja mpya analipa nusu mwaka mzima, na king'amuzi anapewa bure. Mimi niko nao tangu dishi lilipokuwa kitu cha kuitia majirani waje kushangaa, sijachelewa kulipa hata mara moja, na ndimi ninayepandishiwa. Fadhila ya punda ni mateke.

Lakini hawajui wanacheza na nani. Nimekagua tiketi kwenye treni maisha yangu yote, nazijua hila za kila namna. Dawa yao ni moja. Unapiga simu, unasema kwa upole kabisa, "Nahama." Hapo wanakupeleka kwa msichana mwenye sauti ya asali, ambaye kazi yake ni kuwabembeleza wanaoondoka. Wewe unanuna. Anakupunguzia. Unanuna tena, anakupunguzia tena.

Wewe njia yako ni rahisi kuliko yangu. Mkataba wenu uko kwa jina la shemeji Pantelimon, Mungu amrehemu. Peleka cheti cha kifo kwenye ofisi yao ya Târgu Jiu, waufunge, kisha siku hiyo hiyo saini mwingine kwa jina lako. Utakuwa mteja mpya, utalipa nusu. Fanya hivyo kabla ya theluji.

Mdogo wako,
Ermil


Poiana Nucului, 2 Desemba

Ermil mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa, tarishi aliiangusha kwenye tope mbele ya lango langu, nikaianika juu ya jiko. Mimi sijambo. Nguruwe ananenepa, tutamchinja siku ya Mtakatifu Ignati. Sabin wa ng'ambo ya uzio amesema atakuja kusaidia, ingawa nyonga inamsumbua, na mkewe Lenuța ndiye atakayefanya kazi yote kama kawaida. Pombe ya plamu mwaka huu imetoka kali. Nimekutengea chupa mbili, ukitaka njoo uzichukue, sizitumi kwa posta zikavunjike.

Mabunda ya kabichi yanafumuka kwa sababu unajaza nyama nyingi. Uroho huo.

Barua ya kampuni tumeipata. Imeandikwa hivi juu: "Mpendwa Bwana Pantelimon, tunakushukuru kwa uaminifu wako wa miaka mingi." Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Tangu tumzike hakuna mtu aliyemwandikia ila wao. Halafu chini yake wakampandishia bei.

Hilo la kufunga mkataba tuliache kwanza. Barabara ya Târgu Jiu ina barafu, na mimi nina nguruwe.

Dada yako,
Filofteia


Timișoara, 16 Januari

Dada Filofteia,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Aurica hakuja. Mjukuu mdogo alipata homa, sasa wanasema Pasaka. Siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu wangu, nilikula soseji ulizonituma, nikamkumbuka mama. Asante sana.

Nimeangalia gazetini, barafu huko kwenu imeyeyuka wiki iliyopita. Na nguruwe ameshakuwa soseji. Una udhuru gani tena? Bei mpya imeanza, na kila mwezi unaokaa bila kwenda ni pesa unazowatupia watu wasiokujua. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyozoea. Kwa hawa mgeni akija, mwenyeji ndiye anayelipia karamu.

Mimi langu nimelianza. Niliwapigia mwishoni mwa Novemba. Mambo yako njiani.

Siku hizi nasoma sana. Nimemaliza kitabu kizima juu ya nyuki. Hujui ni viumbe wenye akili kiasi gani.

Niambie ukweli dada. Naona hutaki, na mimi sielewi kwa nini.

Ermil


Poiana Nucului, 3 Februari

Ermil,

Marahaba. Huku theluji imefika kwenye kingo za madirisha. Kuku wanataga moja moja. Padri Visarion ameteleza ngazini mwa kanisa akateguka mkono, sasa anabariki kwa mkono mmoja na watu wanauliza kama baraka ni kamili.

Umesema nikwambie ukweli, basi ukweli ni huu. Televisheni haiko kwangu. Ungekuja kwenye arobaini ungeiona ikitoka mlangoni.

Nilitoa sadaka kama inavyotolewa: kitanda na godoro lake, meza, viti, suti yake nzuri, ndoo ya maji na kikombe. Nikawa nimesimama pale uani na watu wamekula ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu wanaanza kuaga, nikafikiri, kitanda anacho, maji anayo, Jumapili atafanya nini? Wewe unamjua. Mtu aliyezima redio siku ya harusi ya binti yake kwa dakika kumi tu, tena kwa kulazimishwa, siku timu yake ya mpira, Craiova, ilipocheza. Nikaingia ndani nikaichomoa televisheni, king'amuzi, kadi, vyote. Nikafunga juu yake taulo na mshumaa, nikampa Sabin juu ya uzio. Nikasema, "Iwe kwa roho ya Pantelimon." Naye akaitikia bogdaproste, Mungu amsamehe marehemu, kwa sauti, wote wakasikia. Dishi lilihamishiwa kwenye paa lake kesho yake.

Umekaa mjini miaka mingi lakini hukuzaliwa huko. Unajua kwamba alichopewa jirani hapa kwa jina la marehemu, marehemu anacho kule. Na unajua kilichotolewa hakirudi. Kwa hiyo nalipa. Mkataba ukifungwa, kwa Sabin kunakuwa giza, na kwa Pantelimon hivyo hivyo. Na ukiwa kwa jina langu, basi ni wangu, si wake. Jioni nikisimama jikoni nauona mwanga wa televisheni kwenye dirisha la Sabin, nasema haya, ametulia. Kisha nalala.

Usidhani sikwenda Târgu Jiu. Nilikwenda, kwa ajili ya bei tu. Nikamwambia mwanamke wa dirishani, "Mwanangu, mbona mmempandishia mtu aliyekaa nanyi miaka yote hii?" Akaangalia kompyuta yake akafurahi.

"Bibi, huyu ana haki ya punguzo la mteja mwaminifu! Hajachelewa hata mwezi mmoja."

"Basi mpe."

"Lazima aombe mwenyewe."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Aliumwa."

"Basi aandike barua, aweke saini, wewe uilete."

Nikamwambia huko aliko hawana kalamu. Akanitazama, akaelewa, akanipa pole nzuri tu, sina lawama. Kisha akasema kwa kuwa mteja amefariki, sheria inamtaka aufunge mkataba sasa hivi, na akaanza kubonyeza. Nilipitisha mkono dirishani nikamshika, Ermil. Nikasema, "Hajafa. Nimechanganya, mimi ni mzee." Nikatoka pale mbio kama mwizi wa kuku, na lile punguzo nikaliacha.

Sasa umejua. Usinicheke.

Filofteia


Timișoara, 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Sikucheki. Ningecheka kama isingekuwa pensheni yako inayoondoka.

Sikiliza. Sadaka ni ya siku moja. Ukitoa kitanda, umetoa, basi. Nani amewahi kusikia sadaka ya kulipiwa kila mwezi, tena bei ikipanda? Akili ni nywele, lakini hizi zako zimeota kichwani mwa nani? Sabin ana pensheni yake ya mgodini, nono kuliko ya kwako. Anakaa kitini anatazama filamu za Waturuki kwa jasho lako. Mwambie alipe mwenyewe! Au mwambie ajiunge, ni mteja mpya, atapata nusu bei, na wewe utapumzika.

Na shemeji, nisamehe kwa kusema, aliko hahitaji mpira. Na kama anauhitaji basi si wa Craiova, maana wameahidiwa mahali pasipo machozi. Funga mkataba huo.

Ermil


Poiana Nucului, 15 Machi

Ermil,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Kuku wazima.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sikukuuliza ushauri juu ya roho ya mume wangu. Nilikueleza.

Ila na mimi nina swali. Punguzo lako umelipata? Novemba uliniandikia ukurasa mzima jinsi utakavyonuna. Januari mambo yalikuwa njiani. Februari kimya. Na Jumapili iliyopita Craiova waliwafunga hao wenu wa Timișoara, Lenuța aliniambia. Miaka yote timu hizi zikikutana, hata mkishinda, huandika au hupiga simu kumtukana shemeji yako. Safari hii hukusema neno, na kabla ya hapo uliniandikia habari za nyuki.

Hali ya hewa unaisoma gazetini, Ermil?

Filofteia


Timișoara, 18 Aprili

Dada Filofteia,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza barua hii mara kadhaa na kila nikifika kwenye jambo lenyewe mgongo ulikuwa unaanza.

Lile neno juu ya shemeji na mpira lilikuwa baya, nalifuta. Nilikuwa na uchungu wangu nikaumwagia kwako.

Sina televisheni. Yaani televisheni ipo, inaangaliana nami, lakini haina kitu ndani. Nilipiga simu kama nilivyokwambia. Nikavaa na shati safi kabisa, sijui kwa nini, kwa ajili ya simu. Nikasema, "Binti, mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, na kwa masikitiko makubwa nahama." Nikangoja asali.

Akasema, "Sawa, Bwana Ermil. Nithibitishie anwani yako tupate kuchukua king'amuzi."

Nikadhani hakunisikia. Nikasema, "Nimesema nahama!"

"Ndiyo, nimeandika. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Hutaki kujua kwa nini?"

"Ukipenda kusema, baba, naweza kujaza hapa."

Dada, ningeweza kusema pale pale kwamba natania. Nani angenicheka? Binti nisiyemjua, aliye mji nisioujua. Lakini mdomo ulikataa. Nikasema, "Jaza kwamba mmekosa adabu." Akajaza. Nilisikia anabonyeza. Wakaja wawili wakachukua king'amuzi, dishi wakaniachia balkonini kwa sababu halina thamani tena. Sasa hua wamejenga kiota ndani yake.

Nilikwenda baadaye kuomba nijiunge kama mteja mpya. Wakasema jina langu linajulikana, mimi si mpya, mpaka ipite nusu mwaka ndipo watakuwa wamenisahau. Kwa hiyo si mwaminifu tena na si mgeni bado. Aurica sijamwambia. Ananiuliza simuni kama naona zile tamthilia zake ili nimsimulie, nami nazitunga. Wiki iliyopita nimemuua daktari mmoja, amelia sana.

Jumapili naenda kusimama nje ya baa ya kona, natazama kupitia kioo. Ndani siingii, wanataka ununue bia na kelele zao zinaniumiza kichwa. Ile mechi mliyotufunga niliitazama hivyo, mgongo wa mtu mnene ukiwa umeziba goli moja. Mkafunga kwenye goli hilo hilo nisiloliona.

Nikawa natembea kurudi nyumbani, nikagundua sina wa kumtukana. Hilo ndilo lililoniuma, dada. Mambo ya kampuni ni aibu tu, aibu hupita.

Heri ya Pasaka inayokuja. Aurica haji.

Mdogo wako,
Ermil


Poiana Nucului, 9 Mei

Ermil mdogo wangu,

Kristo amefufuka! Nilicheka mpaka Lenuța akaja usiku ule ule kuuliza nina nini. Shati safi! Mama angekufahamu vizuri sana. Kisha nikasoma mwisho wa barua nikaacha kucheka.

Miti ya plamu imemaliza kuchanua na baridi haikuiunguza. Mkono wa Padri umepona.

Sasa shika kiti ukae, maana mimi niliposikia nilikuwa nimesimama, na haikufaa.

Siku ya Pasaka nilivuka uzio kuwapelekea Sabin na Lenuța mayai mekundu. Tangu arobaini nilikuwa siingii kile chumba chao cha mbele, naogopa kuonekana kama nakwenda kukagua sadaka yangu. Siku hiyo wakanikalisha humo. Televisheni ni ile yetu. Lakini chini yake pana kisanduku cheupe. King'amuzi cha Pantelimon ni cheusi, na kina utepe wa rangi ya bluu na nyeupe alioubandika mwenyewe, ya timu yake. Nikauliza, "Kile cheusi kiko wapi?"

Lenuța akaangalia sakafu. Sabin akaanza kumenya yai ambalo alikuwa ameshalimenya.

"Sabin," nikasema, "nimekuuliza."

"Filofteia, tulikuonea huruma," akasema. "Bei ilipopanda Januari Lenuța alihesabu akaona unaumia. Mimi sijawahi kuwa na mkataba, wakasema ni mteja mpya, nusu bei. Tukasaini. Fundi akatumia dishi lile lile."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nirudishe sadaka? Nani anarudisha sadaka ya maiti?"

Akainuka na nyonga yake, akapanda kiti, akashusha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa kwenye taulo langu, na mshumaa wangu juu yake haujawashwa. Walikitunza kama kitu cha kanisani, siwezi kusema vingine. Tangu Januari, Ermil. Majira yote ya baridi nilikuwa nasimama jikoni nautazama ule mwanga nasema ametulia, kumbe ni mwanga wa Sabin. Na Pantelimon yuko gizani, kitanda anacho, meza anayo, na amekaa tu. Nililia pale pale mbele ya mayai. Sabin naye akalia, mtu wa mgodini yule.

Nilikwenda kwa Padri. Akasema, "Filofteia, Mungu haangalii kisanduku. Anaangalia moyo uliotoa."

Nikamwambia, "Padri, moyo wangu niliutoa na ukafika. Lakini mpira yeye hakuuona."

Akakuna ndevu. Akasema hilo hakufundishwa seminari.

Nimefikiri wiki nzima. Kurudi kwangu kisanduku hakiwezi, nilishakitoa. Kwa Sabin hakina kazi. Lakini aliyepewa sadaka anaweza kuitoa mbele kwa jina lile lile, hilo Padri amelikubali na kulibariki kwa mkono wake uliopona. Basi Sabin anakitoa kwako. Dereva wa basi la Jumanne atakuletea kituoni, mpe kahawa. Ndani kuna king'amuzi, kadi, taulo na mshumaa. Dishi unalo, waombe radhi hao hua ulisogeze.

Nalipa mimi. Kwa jina lake, kwa bei yao hiyo, na wakipandisha tena nitalipa tena, hiyo ni juu yangu na usinifundishe. Wewe nina masharti yangu kwako. Kila Craiova inapocheza, unatazama. Unatazama mpaka mwisho, hata ikifungwa, maana yeye hakuwahi kuondoka kabla ya mwisho. Hutazami kwa kununa. Na mechi ikiisha unamtaja jina na unasema bogdaproste kwa sauti, la sivyo haifiki.

Siku nyingine tazama utakacho, mtazamie Aurica tamthilia zake umfufue yule daktari.

Najua naomba jambo gumu. Lakini ungekuwa bado na king'amuzi chako ndipo ungeweza kunikatalia.

Dada yako,
Filofteia


Timișoara, 31 Mei

Dada yangu Filofteia,

Shikamoo. Kisanduku kimefika salama. Dereva amekunywa kahawa mbili na kuomba ya tatu. Hua waliondoka wenyewe, makinda yalikuwa yameshakua. Aurica amesema anakuja Juni, kwa kweli safari hii, tiketi amenisomea namba yake simuni na mimi namba za tiketi nazijua, ni ya kweli.

Kampuni nayo imeniandikia. "Mpendwa Bwana Ermil, tumekukosa." Nusu mwaka umefika, sasa mimi ni mgeni, nusu bei mwaka mzima. Niliisoma, nikaitumia kufunika mtungi wa matango. Nimeshapata kwangu pa kutazama.

Sasa taarifa ya jana, kama ulivyoagiza. Siku ya mwisho ya ligi, na Mungu ana utani wake: sisi na Craiova, hapa hapa Timișoara. Marudiano. Ningeweza kwenda uwanjani, mkaguzi mwenzangu wa zamani alikuwa na tiketi ya ziada. Nikamwambia nina mgeni.

Nilisogeza viti viwili. Kile kizuri nilimwachia yeye. Nikawasha mshumaa, nikamimina pombe ya plamu ya dukani vikombe viwili, cha kwake nikamwaga kidogo sakafuni kama inavyopasa, na baadaye nikakinywa kwa sababu kingeharibika. Nilivaa shati safi. Usiseme kitu.

Kipindi cha kwanza tulikuwa tunaongoza sisi, na nilikaa kimya kwa adabu, ingawa mguu ulikuwa unaruka wenyewe. Kipindi cha pili Craiova wakasawazisha. Dada, sikujua nifanye nini. Miaka arobaini nimekuwa nikilaani saa kama hiyo. Nikakitazama kile kiti kitupu. Kisha nikasimama, na mgongo wangu huu, nikapiga makofi. Kwa niaba yake, kwa kuwa hana mikono hapa. Jirani wa juu akagonga sakafu. Dakika za mwisho kabisa wakafunga la pili, nami nikapiga makofi tena, machozi yananitoka, na usiniulize yalikuwa ya nini kwa sababu timu yangu ilikuwa imefungwa nyumbani, na mtu niliyemtukana maisha yangu yote alikuwa ameshinda na hayupo kunicheka.

Nilikaa mpaka mwisho, mpaka wachezaji walipobadilishana fulana, mpaka matangazo. Nikasema, "Pantelimon, mume wa dada yangu, bogdaproste." Nikasema kwa sauti. Nadhani imefika, nyumba ilikuwa kimya sana baada ya hapo.

Lala vizuri, dada. Usisimame tena jikoni kutazama dirisha la Sabin. Mwanga uko kwangu.

Ila lile bao la pili lilikuwa la kuotea, tena waziwazi, na yeye mwenyewe ameliona.

Mdogo wako,
Ermil